Mtu wa Mikono Mgongoni

Vijana wangu, mkiingia katika hoteli ya Madamu Odette, pale chini karibu na ufuko wa Rumonge, mtaona ukutani picha pana kuliko kitanda cha harusi. Ni ufuko wa Magara asubuhi: boti zimeingia, akina mama wanapokea samaki wa mukeke kwenye mabeseni. Chini, upande wa kulia, kuna jina langu, RAMAZANI, lenye mkia kama wa samaki. Jina lile limechorwa vizuri sana. Najua, maana nililichora mimi. Jina, na macho ya samaki. Vingine vyote, watu, maji, mchanga, mabeseni, hata mimi mwenyewe niliyesimama pale katikati, ni kazi ya mikono mingine.

Naandika haya katika daftari la atelye, karakana yetu ya kuchora, kwa sababu mnakuja hapa kujifunza, mnanikuta kibarazani, mnaniuliza: "Muzee, si weye ulikuwa msanii mukubwa? Mbona sasa unakaa tu kwenye kiti?" Swali zuri. Hata zamani nilikuwa nakaa tu kwenye kiti. Tofauti ni kwamba kiti cha zamani kilikuwa na mto.

Lakini msinione mtu mdogo. Nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa primeri, na huo wa tatu niliusoma mara mbili, kwa hiyo mimi huhesabu minne. Kwa elimu hiyo nimeandika nusu ya maneno yanayosomwa katika mji huu: saluni, bucha, maduka ya dawa, magodoro, boti kuanzia hapa mpaka Minago na Magara. Wenye diplomu wakipita barabarani wanasoma mkono wangu. Herufi zenyewe siku hizo nilizijua kama mtu anavyojua sura za majirani bila kujua majina yao yote, lakini nani aliwahi kugundua? Sikuanza na baba tajiri. Nilianza na magunia ya ndagala, dagaa wa kwetu, mgongoni, na kama mgongo wangu ungekuwa na akili kidogo tu ungeniacha mapema zaidi.

Aliyenitoa kwenye magunia ni Muzee Kabwe, fundi wa mabango kutoka ng'ambo ya ziwa, Mkongomani mwembamba aliyevaa kofia ya sufi hata jua likichoma. Huyo alikuwa fundi kweli. Jambo la kwanza alilonifundisha si kupaka rangi, ni kuosha. Ubao wa boti umekula mafuta ya samaki miaka na miaka. Ukipaka rangi juu ya mafuta hayo, itabambuka kama ngozi ya nyoka. Unasugua kwa majivu na sabuni, unaliachia jua, unapiga msasa, unasugua tena. Siku mbili nzima hujafungua kopo. Ninyi mnapenda kufungua kopo kabla ya chai.

La pili ni uzi. Unaupaka mkaa, mwenzako anashika ncha moja na wewe nyingine, unauvuta kidogo katikati na kuuachia: pah! Mstari umenyooka kuliko wa rula. La tatu, jina la boti lipimwe kuanzia herufi ya katikati kwenda pande zote mbili, la sivyo utafika mwisho wa ubao na Mungu bado hajamaliza kubariki. Na la nne alikuwa analirudia kila siku, akinivuta kola:

"Ramazani, rudi nyuma! Hatua saba. Mutu iko karibu na ukuta haone ukuta."

Hilo la nne ndilo nililolishika kuliko yote. Mtaona nililifikisha wapi.

Kwanza niwape kosa langu la mawese, kabla hamjalisikia kwa Bukuru, fundi wenu hapo ndani, maana yeye huliongezea chumvi. Muzee Kabwe alikuwa amekwenda Bujumbura kununua brashi. Akaniachia boti ya mtu mmoja aliyetaka iwe nyekundu kuanzia pua mpaka mkia. Nilipofika katikati, rangi ikakwisha. Nikakaa juu ya kopo tupu nikafikiri. Rangi nyekundu inaweza kukosekana Rumonge kweli? Kila nyumba ina bidoni ya mawese! Nikaona wale wanaotengeneza rangi viwandani hawajawahi kufika kwetu, la sivyo wangekuwa wameshafunga viwanda. Nikachanganya kilichobaki kwenye kopo na mawese ya mama mkwe, nikapaka. Vijana, ile boti iling'aa! Watu walisimama kujitazama humo. Mwenye boti alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Haikukauka siku ya kwanza. Haikukauka ya pili. Siku ya tatu mwenyewe akasema samaki hawasubiri, akaishusha majini. Asubuhi waliporudi, mama mmoja ufukweni akatupa beseni akaanza kupiga mayowe, maana wavuvi wote sita walikuwa wekundu, kifua, mapaja, mpaka masikio, kama waliotoka kuchinjana.

Muzee Kabwe alirudi siku hiyohiyo. Akagusa boti kwa kidole, akanusa, akakilamba.

"Hii iko ya sombe," akasema, yaani ya kupikia majani ya muhogo. "Mafuta ya mawese haikauke, Ramazani. Hata tukifufuliwa, hii boti itakuwa bado mubichi."

Akanipa sabuni, akanikalisha mbele ya ufuko mzima nifue mashati sita na kaptula sita, huku wenyewe wamejifunga vitambaa wakinisubiri na kunihesabia mapovu. Ndiyo maana mimi, mtu mkubwa, mtu wa atelye, mpaka leo nikiona sombe nyekundu sana mezani, mkono unatafuta sabuni.

Muzee Kabwe aliporudi kwao kuzeeka, nilibaki na ngazi yake na wateja wake. Nilichora mukeke mmoja kwenye ukuta wa mgahawa, mrefu kama mlango, na huyo nilimchora mwenyewe kuanzia mdomo mpaka mkia, nakula kiapo. Paka walikuja kumtazama. Kutokea hapo kila mtu akataka mukeke wa Ramazani, na mkono mmoja haukutosha.

Nikamchukua Bukuru. Alikuwa mshonaji wa nyavu, mrefu, mkimya, mtu wa kukaa na fundo moja asubuhi nzima bila kutukana. Nikamwambia: mtu anayeweza kushona jicho la wavu mara elfu anaweza kuchora gamba la samaki mara elfu. Wazo hilo lilikuwa langu, na lilikuwa zuri. Magamba ya Bukuru unaweza kuyasikia kwa ukucha. Maji pia nikampa yeye.

Baadaye akaja Consolata. Alikuwa amerudi kutoka Tanzania na watoto watatu, baada ya kukaa ukimbizini tangu utotoni, na Kiswahili chake cha kule kimenyooka kana kwamba ametoka kukipiga pasi. Kambini alichora kuta za zahanati: mama ananawisha mtoto, mama ananyonyesha, mama anafunika chungu. Miaka yote hiyo ya kuchora mikono na nyuso. Nikampa karatasi ya mfuko wa saruji, nikasema: nichore mimi. Akachora. Nikatazama.

"Pua umeifanya kubwa," nikamwambia.

"Nimeshaipunguza, Patro," akajibu, akiniita bosi kabla sijamwajiri.

Nikamwajiri kwa woga.

Basi kazi ikagawanyika hivi. Bukuru magamba na maji. Consolata watu. Mimi, kwa kuwa niliambiwa nirudi nyuma hatua saba, nikarudi. Mwanzo nilikuwa narudi nyuma kutazama, halafu nasogea tena mbele kushika brashi. Kisha nikaweka kiti pale kwenye hatua ya saba. Kisha mke wangu akakishonea mto. Muzee Kabwe alisahau kuniambia kwamba mtu akishatazama asogee mbele tena, au labda alisema nikawa mbali sana kusikia.

Kitu kimoja nilijiwekea: jicho. Samaki akimalizika kabisa, nilikuwa naingia na shati safi, nachomoa brashi ndogo mfuko wa kifuani, watu wote wananyamaza, nagusa nukta nyeupe katika jicho. Tap. "Sasa anaishi," nasema. Wateja walipiga makofi. Halafu nasaini. Consolata alikuwa ananiachia kila jicho bila nukta, kama mtu anavyomwachia baba kipande chake cha nyama kwenye chungu. Jioni mke wangu ananiuliza:

"Baba Hawa, leo umefanya kazi gani?"

"Nimechora mukeke ishirini."

"Ishirini! Na shati halina hata tone." Akanusa kola. "Hata harufu ya petroli halina. Hao mukeke uliwachora kwa simu?"

Mke wangu hajui sanaa, nikasema moyoni.

Basi akaja Madamu Odette. Amezaliwa hapa, akakulia Bujumbura, akarudi kujenga hoteli. Alitaka picha ya Magara ukutani kwenye sale ambamo wageni wanakula, na siku ya kuifunua alitaka wale akina mama wa Magara wenyewe waje kama wageni. Nikampenda kwa hilo. Alisimama mlangoni pa atelye, mkoba kwapani, akasema:

"Monsieur Ramazani, miye sitaki kitu ya mashine. Nataka mukono ya musanii. Utachora weye mwenyewe?"

"Madamu," nikasema, nikaunyanyua juu, "mkono huu huu."

Nyuma yangu Consolata alikuwa anaosha brashi kwenye kopo la petroli. Ile sauti ya brashi, chwa, chwa, chwa, ikakoma.

Madamu alipoondoka, Consolata akaniita.

"Patro."

"Sema."

"Mkono ule uliomwonyesha. Ulikuwa msafi sana."

Bukuru akakohoa. Nikacheka, maana mimi ni mtu wa kuelewa utani. Lakini yeye hakucheka.

"Nina ombi," akasema. "Katika hii moja tu, jina langu nalo liwepo. Liwe dogo. Hata chini ya beseni. Watoto wangu wanapita mbele ya kuta zote hizi wakienda shule, wanasoma Ramazani, Ramazani, Ramazani. Juzi binti yangu ameniuliza: Mama, wewe kule atelyeni huwa unafagia?"

Hapo, vijana, ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mimi nikaufunga na kuegemea.

"Consolata, atelye moja, jina moja. Watu wakiona majina mawili, watasema mmoja wa hao hajui kazi."

"Na watakuwa wamekosea, Patro?"

Nilijibu kitu fulani kirefu kuhusu ngazi ya Muzee Kabwe. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema sawa, akaenda na Bukuru Magara kupiga foto, kazi ikaanza, na baada ya wiki mbili akaomba siku tatu akamsaidie mama yake Minago, walikuwa wanakamua mawese. Hakuna kitu kinachonitisha siku hizi kama mwanamke anayesema sawa. Siku ile nilisema, kumbe ameelewa.

Akaacha picha imefika nusu. Miili ilikuwepo, vitenge vilikuwepo, mikono imeshika mabeseni, lakini nyuso hazijawekwa. Akina mama kumi wamesimama kama mayai yaliyovalishwa. Nikazunguka zunguka mbele yake. Nikafikiri: uso ni kitu gani? Macho mawili, pua moja, mdomo. Mimi si ndiye niliyechora mukeke wa mlango? Nikavua shati safi, nikashika brashi, nikamchagua mama wa katikati. Nilitaka Consolata akirudi akute uso mmoja uliokamilika, ajue mwenye nyumba bado yumo.

Nilianza baada ya chai. Kufika adhuhuri jicho moja lilikuwa limeshuka. Nikalipandisha, pua ikaenda nalo. Nikaongeza kivuli shavuni, kikawa ndevu. Wakati wa alasiri Bukuru aliweka brashi yake chini akaja kusimama karibu nami.

"Patro, uyu mama anaangalia mu boti, ama anatuangalia sisi?"

"Anaangalia boti."

"Na ilo sikio ya tatu?"

"Hiyo ni hereni!"

"Ego," akasema Bukuru, yaani ndiyo, akarudi kwenye magamba yake. Baada ya muda nikaona mabega yake yanatikisika.

Consolata alirudi siku ya nne, kitenge kinanukia mawese mapya. Akasimama mbali, hatua saba, akatazama.

"Huyu ni nani?"

"Mama mmoja wa Magara."

"Anaumwa?"

Hakungoja jibu. Akachovya kitambaa kwenye petroli, akamfuta mama yangu kuanzia kichwani mpaka miguuni, taratibu, kama mtu anayemwosha mtoto mchafu wa jirani. Pakabaki doa kubwa la kijivu katikati ya ufuko.

"Hapa pameshachafuka, Patro. Mama hawezi kusimama hapa tena. Niachie nipange mwenyewe mtu wa kusimama hapa."

"Panga," nikasema, nikaenda kunywa chai.

Neno hilo, panga, ndilo mchango wangu wote katikati ya ile picha.

Siku ya kumaliza waliniita kwa ajili ya macho. Sehemu ya juu ya ubao ilikuwa imefunikwa shuka, wakasema rangi bado mbichi na barabara ina vumbi. Samaki wako chini, kwenye mabeseni. Jina liko chini, pembeni. Nilipiga magoti, miwani puani, nikagusa jicho moja moja. Tap, tap, tap. Nikasaini kwa mkia mrefu kuliko siku zote. Nikainuka, magoti yakalia, nikaondoka. Hatua saba? Siku hiyo sikurudi nyuma. Nilikuwa nimeshakaa huko nyuma miaka kumi, nikaona imetosha.

Jumapili ya kufunua, nilivaa suti. Mke wangu alivaa kitambaa kipya, akaniambia njiani: "Leo basi tutaona hao mukeke wa kwenye simu." Sale ya Madamu ilijaa: watu wa Bujumbura na miwani yao, watu wa mji, na mstari wa mbele akina mama wa Magara, wameketi wameshika Fanta kama wameshika mishumaa. Consolata na Bukuru walisimama nyuma kabisa, karibu na makasha ya soda. Binti wa Consolata alikuwepo pia, na sare yake ya shule ingawa ilikuwa Jumapili. Nilimwona. Nikatazama pengine.

Madamu akasema Kifaransa kirefu, nikatambua jina langu mara tatu na nikainama mara tatu. Shuka likavutwa.

Watu walisema "Aaah!" Kisha mstari wa mbele pakawa na minong'ono. Kisha mama mmoja mnene, muuza samaki aitwaye Mama Yasinta, akainuka na Fanta yake, akasogea, akanyoosha kidole.

"Sisi tunajiona, murakoze, asante sana. Uyu ni miye, uyu ni dada yangu. Boti iko sawa. Lakini uyu mwanaume hapa katikati, hashike kitu, ni nani? Kwetu Magara asubuhi kila mutu iko na kitu mukononi. Mwanaume wa kusimama hivi, ama ni mugonjwa, ama amepotea njia."

Sale nzima ikacheka. Nami nikacheka, kwa sauti kubwa, huku nikiinua kichwa kutazama ile picha kwa mara ya kwanza.

Pale palipokuwa na doa langu, katikati ya watu wote wanaobeba, wanaovuta, wanaomimina, alisimama mwanaume na tumbo lake. Kofia yangu. Shati langu safi, na brashi ndogo ikichungulia mfuko wa kifuani. Mikono imefungwa mgongoni. Kidevu kimeinuka kidogo, kama mtu aliyeambiwa ziwa ni lake. Na pua, vijana, safari hii hakuipunguza.

"Mama we," mke wangu akasema karibu na sikio langu. "Ni Baba Hawa."

Madamu Odette alinigeukia, uso unang'aa. "Monsieur Ramazani! Umejichora weye mwenyewe?"

Mnaona mlango ulivyofunguka tena? Lilikuwa limebaki neno moja tu. Watu wa Bujumbura walikuwa tayari wanatikisa vichwa: msanii mkubwa, anajicheka mwenyewe. Nami nikalisema.

"Ndiyo, Madamu."

Nilisikia nyuma, kwenye makasha, chupa moja ikigonga nyingine.

"Basi iko vizuri," akasema Mama Yasinta, "weye ni mutu wa kuchekesha. Lakini papa, miye umenisahau hereni. Siku ile mulikuja kutupiga foto nilivaa hereni, hii hapa. Si una brashi mu mufuko? Niwekee. Ni kitu kidogo, dakika moja."

"Ndiyo, ndiyo!" wakasema watu, wakapiga makofi. Bukuru ana kijisanduku cha rangi kila aendako. Kikapitishwa kichwa kwa kichwa mpaka mbele, kimefunguliwa tayari. Nikachomoa brashi. Nikachovya. Nikasogea.

Sijui kama mmewahi kukaribia uso aliouchora Consolata. Mimi, bosi wake, sikuwahi. Miaka yote hiyo nilikuwa kwenye hatua ya saba. Karibu kabisa, shavu la Mama Yasinta lilikuwa na rangi ya kijani ndani ya kahawia, na kijistari cha machungwa pale jua la asubuhi linapogusa, na chini ya jicho uchovu wa mtu aliyeamka kabla ya watu, umefanywa kwa mguso mmoja tu na kuachwa. Ni uso wa mtu mzima na maisha yake. Na brashi yangu ilikuwa inaelekea sikio lake. Nikaiona hereni yangu ya atelye. Nikaliona sikio la tatu.

Sikuogopa aibu, hilo niseme ukweli, maana aibu yangu ilikuwa imeshachorwa katikati ya ukuta bila mimi kujua. Niliogopa kuuharibu ule uso.

"Consolata," nikaita. Nikaita tena. "Consolata, njoo."

Watu wakapisha. Akaja, mikono mbele ya kitenge. Nikampa brashi. Alimtazama Mama Yasinta wa kweli, akatazama wa ukutani, akagusa mara tatu. Hereni ikaning'inia hapo, ina uzito wake.

"Eee!" akasema Mama Yasinta, akishika sikio lake mwenyewe.

"Uyu ni nani?" Madamu akauliza.

"Madamu," nikasema, "huyu ndiye aliyechora watu. Maji na samaki ni Bukuru, yule mrefu. Na mimi sikujichora. Nilichora macho."

Wakacheka, wakidhani naendelea na mzaha. "Macho ya nani?" mmoja akauliza.

"Ya samaki. Macho ya samaki, na jina."

Mke wangu peke yake ndiye aliyecheka, na alicheka mpaka akakaa.

Nikamwambia Consolata aandike. Nikamwonyesha pembeni, karibu na jina langu, nikasema alifute langu akitaka, petroli ipo. Akafikiri. Akamwita binti yake aje aone vizuri, akachuchumaa, akaandika jina lake juu ya ukingo wa beseni la Mama Yasinta, herufi ndogo, nyeupe. Bukuru alipoambiwa aandike lake alikataa. Akachora fundo moja la wavu kwenye kona, basi.

"Lako liache, Patro," Consolata akaniambia. "Macho yamekaa vizuri."

Na yule binti alisoma jina la mama yake kwa sauti, silabi kwa silabi, katikati ya watu wa Bujumbura. Kisha akanitazama mimi, akatazama yule wa ukutani, akafunga mikono mgongoni akainua kidevu. Sawa kabisa. Watu wa Magara bado wananisalimia hivyo nikipita.

Sasa atelye ni ya Consolata na Bukuru, na bango la nje mmeliona. Mimi nimestaafu, ingawa mke wangu anauliza nimestaafu kutoka wapi. Nakuja kila siku kibarazani. Nawafundisha kuosha ubao, nawafundisha uzi wa mkaa, nawakataza mawese. Na nikiwaambia mrudi nyuma hatua saba, nawahesabia pia hatua saba za kurudi mbele, hata mnanichoka.

Lakini nina kazi mpya. Wakristo wa Gatete waliagiza picha ya wale wavuvi wa kwenye Biblia wakivuta wavu, waiweke ukutani kanisani. Consolata akatoka kibarazani akanitazama tumbo, ndevu, na ile pua.

"Patro, simama hapa kwenye mwanga."

"Mimi Mwislamu, Consolata."

"Nyavu hazina dini. Simama."

Nikasimama kama ninavyojua: kidevu juu, mikono mgongoni. Akatikisa kichwa. Bukuru akaleta wavu wa kweli, umelowa, mzito, unanuka ziwa, akaniwekea mikononi.

"Mikono mbele leo," akasema Consolata. "Na uvute kweli. Ukilegea nitaona."

Nilivuta asubuhi nzima. Viwiko vililia, maji yakanitiririka mpaka kwenye viatu, shati likawa la kutupa. Mke wangu alipita na kapu lake kutoka sokoni, akasimama mlangoni, akalitua kapu. Kisha akaja, akanusa kola.

"Haya," akasema. "Leo umefanya kazi."